Kaye ya Lupango: Somo juu ya Kuandika Mambo ya Kwetu



Wanafunzi wa kalasi ya ine walinifuata inje, mbele ya bilo ya prefe, wakaniuliza hivi: « Mwalimu, tufanye namna gani ili kuandika vizuri? Hapa kwetu hakuna kitu. Kila siku ni ileile. » Niliwaahidi kujibu katika gazeti letu. Jibu langu litapita njia nyingi, kwa hiyo muvumilie.

Nianze na mambo yangu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 13, mwalimu alitupatia kazi ya kuandika kwa Kifransa: Siku ya mungu nyumbani kwetu. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vitatu vya wazungu, nikajiona fundi. Niliandika juu ya moto unaowaka ndani ya ukuta, paka analala juu ya kiti kikubwa, na inje barafu inaanguka polepole juu ya miti. Nikapata 17 juu ya 20. Nilikimbia mupaka nyumbani na karatasi mukononi.

Kambo yangu alikuwa amekaa katika lupango, karibu na mbabula, anashona kiatu. Akasema: « Soma, nisikie. » Nikasoma kwa Kifransa, kisha nikageuza kwa Kiswahili, mustari kwa mustari. Alisikiliza mupaka mwisho, hakucheka. Halafu akauliza:

« Sasa ile nyumba njo ya nani? »

« Njo yetu, kambo. »

« Yetu? Ile barafu ilianguka ku Katuba siku gani? Mie sikuiona. »

Nikanyamaza. Yeye akaendelea kushona. Kisha akasema: « Leta kaye. Nitakuambia kintu cha kweli, utaandika. » Akaanza kusema namna alifika mujini akiwa kijana mudogo, kwa miguu, nyuma ya kaka yake, na namna walimufundisha kazi ya nyumba kwa wazungu: kupanga meza, kupiga pasi ya makala bila kuchoma shati. Alisema kwamba bwana wake wa kwanza alishindwa kutamka jina lake, akamupa jina lingine, na kwa jina lile walimwita miaka mingi. Alipofika pale, vijana wenzangu waliita kwa barabara, mupira ulikuwa unaanza. Nikasema: « Kesho, kambo. »

Ile kesho ilifanya miaka miwili. Kambo alikufa wakati wa mvua. Nyumbani tuko na foto yake moja, na ile pasi. Lakini lile jina lingine, hakuna mutu anayelijua. Nimeuliza shangazi zangu, nimeuliza wazee wa kanisa, hapana. Kaye ya siku ile ninayo bado: mistari kumi na moja, na chini picha ya mupira niliyochora mimi mwenyewe.

Njo sababu ninasema na nyinyi leo.

Wako wazee waliofanya kazi sawa na ya kambo yangu, na hawakungoja mujukuu amalize kucheza. Mwaka wa 1965, hapa katika muji wetu, wakati ulipoitwa bado Elisabethville (jina la Lubumbashi lilikuja mwaka wa 1966), mutu mumoja, André Yav, aliandika kitabu kidogo kinachoitwa Vocabulaire ya muji wa Elisabethville. Alikiandika pamoja na kwa ajili ya wale waliokuwa watumishi wa nyumba za wazungu. Kilipigwa kwa mashini, kikagawanywa kwa makaratasi, sawa na gazeti hili munaloshika. Ndani yake mulikuwa habari za kuanza kwa muji, vita ya 1914-1918, kazi, taabu, na majina ambayo watu weusi waliwapa wazungu. Mumeona? Wazungu waliwapa wapishi majina, na wapishi nao waliwapa wazungu majina, tena makali zaidi.

Kitabu kile hakikufuata sheria za sarufi. Maneno mengine yameshikamana, mengine yamekatwa katikati, na Kifransa kinaingia pahali kinapopenda. Mwalimu mukali angekijaza wino mwekundu. Lakini mwaka wa 1990 kilichapishwa Ulaya, pamoja na tafsiri kwa Kiingereza, na mwenye elimu mumoja anayeitwa Johannes Fabian, aliyekuwa amefundisha hapa Lubumbashi. Sikieni sasa jambo la kufaa kwa somo letu: ili kuyaelewa yale maandiko, ilifaa yasomwe kwa sauti. Kalundi Mango, aliyekisaidia kitabu kile, aliyasoma kwa sauti, na maneno yaliyoonekana kama kichaka kwa macho yakawa Kiswahili safi cha Katanga kwa masikio.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: andika kwa luga ile jambo lilitokea. Kama mama alisema kwa Kiswahili cha soko, usimuvalishe Kifransa cha ministre. Utatafsiri nyuma, kama kuna lazima. Kisha soma kwa sauti. Pahali ulimi unajikwaa, pale kuna kosa, hata kama sarufi ni sawa. Mwalimu wa Kifransa asinikasirikie. Mimi nafundisha Kifransa vilevile, na kwa mutihani wa Serikali mutaandika namna inavyotakiwa. Lakini kaye ninayosema hapa si ya mutihani.

Neno la pili: angalia kwanza, andika nyuma. Wako waliofanya hivyo kwa rangi. Mwaka wa 1946 Mufransa mumoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa pahali pa kuchora palipoitwa Hangar. Hakuwapa vijana picha za Ulaya ili waige. Walitakiwa kutafuta ndani ya macho yao wenyewe, katika majani, maji na nyama. Basi Pilipili Mulongoy akachora samaki, ndege na nyoka. Bela akapaka rangi kwa vidole vyake, bila burashi. Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa vistari vidogovidogo. Watu watatu, muji mumoja, rangi za namna moja, na hata mutoto anaweza kutenganisha kazi zao. Ingekuwa aje kama wangeanza wote kuchora barafu?

Wengine munasema: « Mimi siwezi kuandika, mimi ninapenda kuchora », ao « mimi ni wa gitari ». Vizuri sana. Sijaona bado mutu anayeandika vizuri asiyekuwa na kazi ingine ya mikono inayomufurahisha. Mwenye kushona nguo anajua kukata pasipofaa. Mwenye gitari anajua kungoja. Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimukamata kwa sahani pale Jadotville (leo Likasi) mwaka wa 1952, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha pili, na ukisikiliza utasema watu wawili wamekaa pale. Vidole viwili tu! Na wewe unaniambia huwezi kuandika kwa sababu huna mashini.

Kuna neno moja la wachoraji wetu ninalolipenda: ukumbusho. Katika miaka ya 1970, katika saloni nyingi za Lubumbashi, ungeona picha ukutani: mamba muntu, ao askari na wafungwa wa wakati wa Wabeleji. Walionunua hawakuwa matajiri, walikuwa wafanyakazi. Picha ilikuwa ukumbusho: mugeni anaingia, anaiangalia, anauliza, na mwenye nyumba anaanza kusimulia. Mumoja wa wachoraji wale, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka wa 1947, hakutosheka na picha mojamoja. Mwaka wa 1973 na wa 1974 alichora historia yote ya inchi, picha zaidi ya mia, nyingi juu ya nguo ya mifuko ya unga, na juu ya picha aliandika maneno. Kwa kila picha alieleza kwa mudomo. Mifuko ya unga, ndugu zangu. Ile ambayo nyumbani tunafanya nayo kitambaa cha kupangusa.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Mutu mumoja wa kalasi ya tatu aliniletea hii (jina nalificha): « Mama yangu ni mwanamuke wa bidii sana. Anatupenda na anateseka kwa ajili yetu. » Ni kweli, siwezi kubisha. Lakini maneno yale yanaweza kumwingia mama wa kila mutu, sawa na nguo ya soko. Nikamuuliza: Mama anafanya nini saa kumi na moja ya asubui? Akasema, anagawanya makala. Namna gani? Anatoboa mufuko, anapanga mafungu juu ya mifuniko ya sufuria, anaondoa yale makubwa anayaweka juu ili fungu lionekane zuri, kisha anahesabu kwa kutikisa kichwa, kwa sababu mikono ni mieusi na hapendi kugusa uso. Na mukiamka? Anasema: « Mulilala? » hata kama anaona tumesimama. Nikamwambia: andika hayo tu. Ondoa bidii, ondoa kuteseka. Msomaji ataziona mwenyewe pale mama anatikisa kichwa.

Aliandika. Ilikuwa nusu ya ukurasa. Mwalimu mwenzangu aliisoma katika chumba cha walimu akatoka inje bila kusema kitu.

Musingoje wakati mzuri, hautakuja. Wengi wetu hatuna umeme kila usiku, na mushumaa unalipishwa. Andika ukiwa katika mustari wa maji, bidoni zako mbele yako: pale watu wanasema kweli kuliko pahali pengine pote. Andika siku ya posho nyuma ya kufua. Wenye telefone mukamate sauti ya wazee, ni jambo zuri sana, lakini telefone inaibiwa, inaanguka katika maji, inauzwa kwa shida ya nyumbani. Andika kwa biki vilevile. Na tarehe! Weka tarehe juu ya kila ukurasa. Ile kaye yangu ya mistari kumi na moja haina tarehe, hata leo sijui ni mwezi gani kambo alisema nami.

Neno lingine ni la heshima. Kaye ya lupango si gazeti la masengenyo. Kama jirani anagombana na bibi yake, na wewe umesikia kwa sababu ukuta ni mumoja, unaweza kujifunza pale namna watu wanavyosema wakikasirika, lakini badilisha jina na nyumba. Na ukiandika maneno ya muzee, umusomee nyuma. Atakusahihisha. Mara nyingi pale anaposahihisha njo habari yenyewe inaanza.

Kama kuandika peke yako kunakuchosha, mufanye kwa kundi. Kundi la Mufwankolo, ambalo wazazi wenu walilicheka kwa televizio, halikuanza na karatasi. Mwaka wa 1986 walifanya mchezo kutoka kwa methali moja tu, ile inayosema kwa Kifransa kwamba mamlaka inaliwa nzima, haigawanywi. Walikaa, wakabishana juu ya maana, wakagawanya kazi (wewe chifu, wewe bibi yake, wewe muzee), wakajaribu, wakabishana tena. Siku ya kuonyesha walienda katika kijiji cha Kawama. Ninyi wa internati muko wengi, na methali haziuzwi. Jioni moja inatosha kwa kuanza.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mutu atafute kaye moja, hata iliyoandikwa nusu, ageuze upande wa nyuma. Katika juma hili aulize muzee mumoja wa nyumbani ao wa jirani: Ulifika Lubumbashi namna gani? Watu walikuita nani? Andika maneno yake sawa alivyoyasema, kurasa mbili, tarehe juu. Wenye kuchora, mutie picha ya kitu kimoja cha nyumba yake: kiti, pasi, chungu, kitu chochote, lakini kiwe kile anachokitumia kweli. Asiyekuwa na muzee karibu aende kwa mulinzi wetu wa mulango. Amefanya kazi hapa kabla yangu, na sijasikia mutu akimuuliza kitu isipokuwa saa.

Muniletee kazi moja, nyuma ya ibada, katika kalasi ya tano. Ile itakayosomeka vizuri kwa sauti tutaipiga katika gazeti linalofuata, kama stensili zitapatikana. Na kama muzee anasema yuko tayari leo, basi ni leo. Mupira utawangoja.