Viungo vya Asili vya Australia: Tia Kidogo, Tia kwa Wakati Wake

Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wamekula na kujitibu kwa mimea ya misitu na majangwa yao kwa makumi ya maelfu ya miaka. Leo viungo hivyo huuzwa vikiwa vimekaushwa na kusagwa. Ni vikali kuliko vinavyoonekana, na makosa mawili huviharibu: kutia vingi na kutia mapema. Ununuapo, soma jina la kisayansi kwenye pakiti.

Mhadasi-limau (Backhousia citriodora)
Mti huu ni wa misitu ya mvua ya Queensland. Sehemu kubwa ya mafuta ya majani yake ni sitrali, ambayo ndiyo huupa mchaichai harufu yake. Lakini usiuchemshe kama mchaichai, maana harufu nzuri itapaa na mvuke na chakula kibaki na ladha ya dawa. Ukipika samaki wa nazi, ngoja mchuzi uive, epua, nyunyiza nusu kijiko cha chai kwa mchuzi wa watu wanne, koroga, kisha funika dakika tano. Kwa kuwa hauna ukali wa maji ya limau, tui halikatiki.

Mhadasi-anisi (Syzygium anisatum)
Asili yake ni kaskazini mwa New South Wales. Ni ndugu wa karibu wa mkarafuu na mzambarau, na majani yake hunukia anisi. Unafaa kwa chai, biskuti na matunda ya kuchemsha.

Pilipili-mlima (Tasmannia lanceolata)
Hupatikana Tasmania na milima ya kusini-mashariki mwa Australia. Majani na matunda yake yote hutumika, na matunda huacha rangi ya zambarau kwenye mchuzi. Ukali wake huchelewa: kwanza utasikia harufu, kisha muwasho, halafu ganzi kwenye ulimi. Ukionja, subiri kidogo kabla ya kuongeza. Anza na nusu ya kiasi cha pilipili manga ulichozoea.

Mbegu za mgunga (Acacia victoriae)
Waaborijini walizisaga unga wa mikate iliyookwa majivuni. Siku hizi hukaangwa na kusagwa, zikanukia kahawa na chokoleti. Hizi haziogopi moto. Loweka kijiko kimoja cha chai kwenye maji kidogo ya moto hadi zilainike, kisha changanya kwenye unga wa keki au mkate.

Tahadhari jikoni
Spinachi ya Warrigal (Tetragonia tetragonioides), mboga ya majani, ina oksalati nyingi, kemikali inayoweza kudhuru. Ichemshe dakika tatu, mwaga maji, suuza, ndipo uiunge. Nyanya ya jangwani (Solanum centrale) huliwa ikiwa imeiva tu, kwani mbichi ina sumu. Wala usichume mbegu za mgunga wowote unaoukuta njiani: mbegu za baadhi ya migunga zina sumu.

Kuhifadhi na kusafiri
Nunua kidogo, weka kwenye chupa iliyofungwa vizuri, mbali na jua na jiko. Ukisafiri, usibebe miche wala majani mabichi. Kutu ya mihadasi, kuvu iliyoonekana Australia kwa mara ya kwanza mwaka 2010, hushambulia mimea mingi ya jamii ya mihadasi, na mikarafuu, mipera na mikaratusi yetu imo katika jamii hiyo hiyo.

Nani ananufaika?
Ujuzi wa mimea hii ni wa Waaborijini, lakini ni sehemu ndogo tu ya faida ya biashara hii inayowafikia. Mwulize muuzaji nani alivuna na nani anamiliki kampuni. Penye chaguo, chagua pakiti ya kampuni ya Waaborijini wenyewe: hao ndio waliojua jani lipi huliwa, lipi huchemshwa kwanza na lipi huachwa, na haki yao ianze pale unapolipa.