Kopo, opena na nyanya zako zinazooza

Vijana wakulima wa Bunda, leo tuanze na kifungua kopo, opena, kile cha zamani cha kuchoma na kukata kwa nguvu za mkono.

Kopo lilitangulia, opena ikaja zaidi ya miaka 40 baadaye! Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alitoa kitabu cha kuhifadhi chakula kwenye chupa zilizozibwa na kuchemshwa; serikali yake ikamzawadia faranga 12,000. Mwaka huohuo Peter Durand alipata hataza ya makopo ya bati Uingereza. Makopo yale mazito yalipasuliwa kwa patasi na nyundo. Ezra Warner wa Marekani alipata hataza ya opena yake mwaka 1858. Hapa kwetu, Tanganyika Packers ya Kawe, Dar es Salaam, ilisindika nyama ya ng'ombe ya makopo na kuiuza hadi nje ya nchi.

Sasa nyanya zikijaa sokoni na bei ya tenga ikidondoka, kijana ananiuliza: "Afisa, si nizifunge tu kwenye chupa?" Unaweza, ila elewa hili: kinachohifadhi chakula si kopo wala chupa. Ni joto, kuziba, na asidi.

Maharage, mboga za majani, nyama na samaki vina asidi kidogo. Kuchemsha kwa sufuria hakutoshi; vinahitaji mtambo wa presha unaofika nyuzi 121. Bila hivyo, kijidudu cha botulizimu huzaliana humo na kutoa sumu ambayo inaweza isinuke wala kubadili ladha. Inapoozesha misuli ya kupumua, na inaua. Usijaribu nyumbani.

Nyanya zina asidi ya mpakani, kwa hiyo tuiongeze:

1. Chagua nzima zilizoiva. Menya, ponda, chemsha dakika 5.
2. Kila chupa safi ya nusu lita, weka robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki.
3. Jaza ikiwa ya moto, acha nafasi ya sentimita 1 na nusu juu. Funga kwa kifuniko kipya.
4. Zamisha chupa kwenye maji yanayochemka kwa dakika 55. Usipunguze! Huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96 tu.

Kifuniko kikivimba au kikivuja, tupa bila kuonja.

Kabla ya kuuza, pita SIDO upate mafunzo, kisha TBS kwa taratibu za ubora. Chupa moja mbovu inamaliza biashara, na inaweza kumaliza mteja pia. Kazi njema.