Gelato ya Roma Bila Kubabaika Kaunta: Vidokezo Nane

Roma ina duka la gelato, aiskrimu ya Kiitaliano, karibu kila kona, ila machache ndiyo yaliyokula chumvi nyingi. Giolitti ilianza mwaka 1890 kama biashara ya maziwa ya familia, na tangu 1930 iko Via degli Uffici del Vicario, hatua chache kutoka Pantheon. Fassi ni kongwe zaidi: ilianza 1880, na jumba lake la Via Principe Eugenio, upande wa stesheni ya Termini, ni la mwaka 1928. Maduka ya namna hii yana orodha ndefu za ladha na wahudumu wasio na muda wa kukubembeleza. Raha ni ya anayefika akiwa ameshaamua.

1. Anza kwa keshia. Giolitti huendi moja kwa moja kwenye kaunta. Unataja ukubwa unaoutaka, unasema ni koni au kikombe (huko huitwa *cono* na *coppetta*), unalipa, kisha unakwenda na risiti yako kwa mhudumu. Bei hufuata ukubwa, si ladha. Pistachio ni ghali kuliko limau sokoni, lakini kwenye koni zinalipiwa sawa. Mwenye kupiga hesabu ameshanielewa.

2. Ukiketi, umeongeza bei. Viti vinavutia, hasa baada ya kuzunguka mji tangu asubuhi. Lakini Italia kuhudumiwa mezani kuna bei yake, na aghalabu ni kubwa kuliko ya anayesimama. Soma menyu kabla ya kuvuta kiti.

3. Kagua rangi. Gelato ya pistachio iliyotengenezwa vizuri huwa na kijani kilichofifia, kinachoelekea kahawia. Ikiwaka kama jezi ya timu, ni rangi ya kutiwa. Ya ndizi inatakiwa iwe nyeupe iliyochujuka, maana ndizi tunayoila ni ile ya ndani, si ganda. Jihadhari pia na vilima vinavyopanda juu ya trei: mara nyingi vimesimamishwa na hewa nyingi na mafuta ya mimea. Ukikuta vyombo vya chuma vyenye vifuniko, vinavyoitwa *pozzetti*, usiogope. Hapo gelato inakingwa dhidi ya hewa na mwanga. Wewe soma orodha ukutani.

4. Mpime fundi kwa ladha isiyo na mapambo. *Fior di latte* ni maziwa, krimu na sukari, bila yai wala vanila. Maziwa yakiwa hafifu hayana pa kujificha. Baada ya hapo jaribu *nocciola*, ile kokwa inayotiwa kwenye Nutella. Ikiwa nzuri, utasikia harufu ya kokwa iliyokaangwa kabla ya kusikia sukari.

5. Ladha mbili zinatosha, mradi zisigombane. Njia rahisi ni kuweka za maziwa kwa za maziwa, na za matunda kwa za matunda: nocciola na chokoleti, limau na stroberi. Ukitaka kuvuka mpaka, chokoleti nyeusi hupatana na chungwa au peasi. *Stracciatella*, iliyobuniwa mjini Bergamo mwaka 1961, ni fior di latte iliyomiminiwa chokoleti ya moto ikaganda vipande vyembamba. Hiyo haina ugomvi na mtu. Na ukifika Fassi, usiipite *riso*, gelato yenye punje za mchele.

6. Uliza kuhusu pombe na maziwa. Majina matamu huficha mengi. *Zabaione* kwa kawaida hutiwa mvinyo wa Marsala, *malaga* huwa na zabibu zilizolowekwa kwenye ramu, na *zuppa inglese* hutumia kileo chekundu kiitwacho alchermes. Kama hutumii pombe, uliza “C’è alcol?” (kuna pombe?) kabla kijiko hakijazama. Ambaye tumbo lake halipatani na maziwa aelekee kwenye *sorbetto*, ambayo kwa desturi ni matunda, maji na sukari. Hata hivyo aulize, kwani mapishi hutofautiana.

7. Ukisikia “Panna?”, jibu upesi. Unaulizwa kama unataka krimu iliyopigwa juu ya koni yako. Huko Roma ni jambo la kawaida, na maduka mengi hayaitozi. Inafaa juu ya chokoleti au kahawa. Juu ya limau inaua ukali ulioufuata. “Sì, grazie” au “No, grazie” inatosha.

8. Kula papo hapo, lakini angalia unapoketi. Gelato huuzwa ikiwa na baridi ndogo kuliko aiskrimu ya friza la nyumbani, takribani nyuzi 12 hadi 14 chini ya sifuri. Ndiyo maana ni laini na ladha yake huwahi ulimini, na ndiyo maana jua la Julai halikupi muda wa kupiga picha kumi. Pia usimwige mwigizaji Audrey Hepburn, aliyekula gelato yake kwenye Ngazi za Hispania katika filamu *Roman Holiday* ya mwaka 1953. Tangu 2019 kuketi kwenye ngazi hizo ni kosa, na faini yake inaanzia euro 250. Kwa fedha hiyo ungemaliza orodha nzima ya ladha, na panna juu.