Darasa la Watu Wazima Lisilo na Mtihani



Swali ninaloulizwa mara nyingi dirishani pa ofisi si la mbolea wala la mbegu. Ni hili: "Karani, nikienda katika darasa hilo la watu wazima, mwisho nitapewa cheti gani?" Nami hujibu kweli kwamba hutapewa cheti. Wako watu wazima wanaofuata mitihani mpaka KCSE, na hao wastahili heshima yao. Leo nataka tuzungumze juu ya masomo yale mengine, ya siku chache au ya msimu mmoja, ambayo mtu huingia bila kuulizwa aliacha shule darasa la ngapi, na hutoka bila karatasi mkononi. Je, yakufaa nini wewe mwenye shamba la skimu?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mzee mmoja wa bondeni, upande wa Voi, alikuja ofisini asubuhi na mapema. Usiku ule ndovu walikuwa wameingia katika ndengu zake, zilizokuwa zimebaki siku chache kuvunwa. Alitaka kusaidiwa kujaza fomu ya fidia. Nikamwuliza, "Mzee, wamekula ekari ngapi?" Akajibu, "Mwanangu, wamekula kipande chote kile cha kuelekea mbuyuni." Nikauliza tena, naye akaonyesha kwa mikono. Watu walikuwa wamejaa nyuma yake, nami nikaandika "nusu ekari", nikampa fomu atie kidole gumba. Mvua ilikuwa imekata njia, na Bwana Shamba alipoweza kufika kukagua, mbuzi walikuwa wamemaliza mabaki. Hakikubaki kitu cha kupimwa, na kilichoaminiwa ni lile neno langu la kubahatisha.

Baadaye mzee yule aliingia darasa la jioni lililokuwa karibu na kwake. Siku moja akanijia na daftari. Alikuwa amepima kile kipande kwa hatua zake mwenyewe, na hesabu yake ilikuwa sawa kuliko yangu. Hakunilaumu kwa neno, na hilo lilinichoma zaidi.

Tazama jinsi alivyofanya, maana wewe pia waweza. Kwanza alipima hatua yake. Alitembea hatua 20 kama atembeavyo siku zote, bila kujinyosha, kisha wakavuta futi ya kamba mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa mita 15, basi kila hatua ni sentimita 75. Halafu akatembea urefu wa kipande, hatua 84, yaani mita 63. Upana ulikuwa hatua 64, yaani mita 48. Ukizidisha 63 kwa 48 utapata mita za mraba 3,024. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047, na robo tatu yake ni kama 3,035. Basi kipande kile kilikuwa karibu robo tatu ya ekari, nami nilikuwa nimemwandikia nusu. Robo nzima ya jasho lake niliifuta kwa kalamu.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yasema kwamba hasara ya mimea itahesabiwa kwa bei ya soko ya wakati ule. Lakini bei huzidishwa kwa kiasi, na kiasi ni juu yako kukijua. Mwenye kuandika siku aliyopanda, mbegu aliyotumia na ukubwa wa kipande ana jambo la kumwonyesha mkaguzi hata kama mbuzi wametangulia. Sisemi kwamba fomu iliyojazwa vizuri italeta fedha kesho; wote twajua fidia huchelewa. Nasema tu kwamba ile iliyojazwa vibaya huanza safari hiyo ikiwa na kilema.

Sheria hiyo hiyo yamtaka mkulima awe amefanya juhudi ya kulinda shamba lake. Hapa nina mfano wa karibu. Katika kijiji cha Mwakoma, Sagalla ya chini, tangu mwaka 2009 wakulima wamezungushia mashamba yao ua wa mizinga ya nyuki, kwa kazi iliyoongozwa na mtaalamu Lucy King. Mizinga hutundikwa kwenye waya, kila mita 10 mmoja, na baadhi yake ni vibao vitupu vyenye sura ya mzinga. Ndovu akigusa waya, mizinga yatikisika na nyuki watoka. Hesabu zilizotolewa baada ya miaka kadhaa zilionyesha kwamba kama ndovu wanane katika kila kumi waliokaribia walirudi. Ukame mkali ukija nyuki huhama, na ua hupungua nguvu. Hilo nalo lajulikana kwa sababu liliandikwa. Mtu hakupewa cheti cha nyuki. Alijifunza kutega mzinga, kuukagua, kurina asali, na kuandika ndovu wangapi walikuja na wangapi walirudi.

Masomo ya namna hii si mageni. Huko Denmark, tangu mwaka 1844, wakulima walikuwa na vyuo vya kukaa na kujifunza pasipo mtihani. Hapa Kenya, Jeanes School ya Kabete ilifunguliwa mwaka 1925, na baadaye vikaja vyuo vya wakulima wilayani. Tanzania, mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na vyoo vingi vikachimbwa. Sina haja ya kuendelea na historia, tuje kwetu.

Ukiwa Taita Taveta waweza kupata masomo haya kwa njia tatu. Iko elimu ya watu wazima, inayofundishwa mara nyingi katika shule, kanisa au uwanja wa chifu baada ya saa za kazi. Huko ndiko kusoma, kuandika na hesabu. Kipo chuo cha wakulima cha Ngerenyi, juu milimani Dawida, mahali pa mafunzo ya kilimo na mifugo. Na iko shamba darasa, ambayo mimi naipenda kuliko zote. Anayetaka cheti cha ufundi ana vyuo vyake, na Voi tunayo Coast Institute of Technology. Hiyo ni njia nyingine.

Shamba darasa ilianzishwa Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, ikafika Kenya katikati ya miaka ya 1990. Watu kama 20 hadi 30 hukutana mara moja kwa juma katika kipande kimoja, tangu kupanda hadi kuvuna. Kipande hugawanywa. Upande mmoja hulimwa kama ilivyo desturi, upande wa pili kwa njia mpya, tuseme ndengu zilizopandwa kwa mistari ya sentimita 45. Kila juma wanafunzi huingia shambani, huhesabu majani, hutafuta wadudu, hutazama unyevu, kisha huketi chini ya mti na kubishana. Mwalimu hasemi sana. Mwisho mavuno ya pande zote mbili hupimwa kwa mzani, nao mzani hauna upendeleo. Njia mpya ikishindwa, wote wameona imeshindwa, wala hakuna aliyepoteza shamba lake zima kwa kuijaribu. Kwa nchi yetu ya chini, ambapo vuli moja hunyesha na nyingine hukataa, faida hiyo si ndogo.

Sasa niseme juu ya mambo yanayovunja madarasa, maana nimesomea ualimu na nimeyaona.

La kwanza ni aibu. Mimi nilifundishwa kufundisha watoto, na siku yangu ya kwanza mbele ya watu wazima nilimsimamisha baba mmoja asome ubaoni. Nyuma yake aliketi mkaza mwanawe. Hakurudi tena. Mtu mzima hasimamishwi mbele ya mkwewe ili akosee. Ikiwa katika darasa lenu wamo wakwe, mwambieni mwalimu mapema awagawe katika vikundi viwili. Si utovu wa adabu kumwambia, naye huenda hajui.

La pili ni macho. Wengi husema, "Kichwa changu kimekuwa kigumu." Mara nyingi kichwa ni kizima, ila mtu akipita miaka 40 herufi ndogo humkimbia. Ukiona wasogeza kitabu mbali ili usome, nenda hospitali ukapimwe macho kabla ya kujihukumu.

La tatu ni saa. Darasa lililowekwa jioni sana litawapoteza akina mama, ambao saa hiyo wanatafuta maji na kupika, na kwa wakaao karibu na mbuga ni hatari kwa wote, kwa kuwa jioni ndipo ndovu huanza kutembea. Saa tisa alasiri yafaa, na kila mtu awe njiani saa kumi na moja jua likiwapo. Tena wakati wa kupanda vuli, Oktoba na Novemba, msidanganyane: darasa litakuwa tupu. Afadhali mkubaliane kulifunga majuma matatu na kuandika siku ya kulifungua, kuliko kuliacha life lenyewe.

Kitu cha kununua ni daftari nene na kalamu tu. Piga mistari ya tarehe, kazi iliyofanywa, fedha iliyotoka, fedha iliyoingia. Kurasa za mwisho ziwe za shamba lenyewe: namba ya kipande chako, barua uliyopewa ulipogawiwa, na kila malipo uliyolipa pamoja na namba ya stakabadhi. Wengi wenu mwalipia ardhi kidogo kidogo kwa miaka. Baba akifariki, watoto huja hapa dirishani na mfuko wa plastiki wenye karatasi zilizoliwa na mchwa, wakisema, "Baba alisema alilipa." Huenda alilipa kweli. Mimi sina uwezo wa kuandika stakabadhi kwa ushahidi wa marehemu, na wanaporudi nyumbani mikono mitupu huwa sili vizuri siku hiyo.

Ukitaka kujiunga, mwulize afisa wa elimu ya watu wazima, au Bwana Shamba wa kata yako, au chifu. Mahali pasipo na darasa, tafuteni watu 20 walio tayari, mwandike majina yenu na mahali mnapoweza kukutania, mwalete ofisini. Ombi la watu 20 husomwa upesi kuliko la mtu mmoja. Na mtu akikuambia ulipe fedha ili akupe "cheti cha mkulima", mwulize kwanza ofisini ni nani aliyemtuma.

Zoezi la mwezi huu. Hatua ya mkulima mmoja ni sentimita 70. Shamba lake la ndengu lina urefu wa hatua 120 na upana wa hatua 60. Ndovu wamekula theluthi moja. Je, ataandika mita za mraba ngapi katika fomu yake? Mwenye kushindwa na asione haya kuuliza mtoto wa shule nyumbani, lakini aandike hesabu kwa mkono wake. Jibu litakuwa katika gazeti la mwezi ujao. Kabla ya hapo, pima hatua yako mwenyewe, maana ya jirani haitakufaa.