Nani Mtunzi wa Wimbo? Funzo Kutokana na Albamu ya Pili ya Sheryl Crow

Suala la umilikaji wa utungo huwatatiza wahakiki wa nyimbo, kwa kuwa sauti ya mwimbaji husikika ilhali kalamu ya mtunzi haionekani. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kumrejelea Sheryl Crow, mwimbaji wa Marekani ambaye muziki wake wa roki umejikita katika mapokeo ya bluzi na kantri.

Wimbo uliompatia umaarufu, "All I Wanna Do", ulivuma mwaka wa 1994 na kutuzwa Grammy ya Rekodi ya Mwaka 1995. Maneno yake mengi yalitokana na "Fun", shairi la Wyn Cooper lililochapishwa mwaka wa 1987. Aidha, albamu iliyoubeba, *Tuesday Night Music Club* (1993), ilikuwa zao la wanamuziki waliokutana Jumanne usiku katika studio ya Bill Bottrell huko California. Ufanisi ulipopatikana, mgogoro ulizuka: sifa ni za nani? Wapo walioshuku iwapo Crow angeweza kusimama bila kundi hilo.

Jibu lake lilikuwa albamu ya 1996. Bottrell alijiondoa mapema, naye Crow akaitayarisha mwenyewe na kuipa jina lake, *Sheryl Crow*. Kwa maoni yetu, anwani hiyo ni hoja. Hata hivyo, kujisimamia si kujitenga: "If It Makes You Happy" aliutunga pamoja na Jeff Trott.

Fauka ya hayo, anayedai utunzi hudai pia dhima. Maduka ya Wal-Mart yalikataa kuiuza albamu hiyo kwa sababu ya wimbo uliodai kuwa watoto huuana kwa bunduki zinazonunuliwa humo. Crow hakuyabadilisha maneno hayo. Mnamo 1997, albamu ilitunukiwa Grammy ya Albamu Bora ya Roki.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana la kujifunza hapa. Katika taarabu, mara nyingi mshairi ni mmoja, mtia lahani ni mwingine na mwimbaji ni wa tatu. Tunapendekeza, basi, kwamba mhakiki asiandike "msanii anasema" kabla ya kujiuliza: nani aliyatunga maneno, nani aliyatia lahani, na nani anayewajibika yakipingwa? Bila maswali hayo, mshairi hudhulumiwa haki yake, na mwimbaji hubebeshwa sifa au lawama zisizo zake.