Sarufi ya Kiingereza na hesabu za biashara: maswali ya watahiniwa wa Gede

Muhula wa tatu ukikaribia, kilio huwa kimoja kuanzia Matsangoni hadi Msabaha. Sarufi ya Kiingereza naifanyia mazoezi vipi? Na zile hesabu za faida, riba na kodi, mbona zinaniangusha ilhali nyumbani tunauza na kununua kila siku? Maswali yafuatayo nimeulizwa na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, watu wazima wanaojiandaa kama watahiniwa wa kibinafsi, na mzazi mmoja. Mimi hufundisha masomo ya jioni hapa Gede. Sarufi na hesabu nazifundishia daftari moja, na sababu utaiona mbele.

Mwalimu, sarufi ina alama ngapi hasa katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne? Isije ikawa najichosha bure. (Kidato cha nne, Dabaso)

Kiingereza kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Sehemu inayoitwa sarufi iko karatasi ya pili, nayo ina alama 15. Karatasi ya kwanza ina kifungu cha kujaza mapengo, alama 10, ambacho ukikitazama vizuri ni sarufi vilevile. Hizo 25 ni za waziwazi. Nyingine zinapotea kimyakimya kwenye insha na barua, sentensi zinapopinda.

Kuna jambo la pili. Tangu matokeo ya 2023, gredi ya mwisho hukokotolewa kwa hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyoyafanya vizuri zaidi. Lugha hiyo yaweza kuwa Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara. Wengi wamelisikia hilo wakafurahi: nitajificha nyuma ya Kiswahili. Sawa, jifiche. Lakini hisabati hakuna pa kuikwepa, na karatasi ya hisabati imeandikwa kwa Kiingereza.

Nafanya kazi ufukweni Watamu. Kitaliano nakimwaga, Kiingereza nazungumza na wageni kutwa. Mbona sarufi napata 4 kati ya 15?

Kwa sababu mgeni anakusaidia bila wewe kujua. Ukimwambia "He has left yesterday", anaelewa, anatabasamu, mnaendelea kupatana bei ya mashua. Mtahini hana haja ya kukuelewa. Anatazama kama umeandika kilichotakiwa.

Na hilo kosa halikuzuka tu. Kwetu "ameondoka jana" ni maneno ya kawaida kabisa, -me- na jana vinakaa pamoja bila ugomvi. Kiingereza hakikubali: ukitaja jana, ni "He left yesterday". Vivyo hivyo na -ni yetu, ambayo hubeba mezani, nyumbani, sokoni na shuleni bila kujali. Mwingereza anataka uchague "on", "at" au "in". Yeye wetu ni mwanamume na mwanamke, ndiyo maana kwenye insha mama huanza kama "she" na kufikia mstari wa tano amekuwa "he". Ukichukua insha zako tatu za zamani, uzisome kwa kutafuta mambo hayo matatu tu, utayakuta. Usitafute mengine siku hiyo.

Halafu kuna maswali ya kuandika upya sentensi. Hapo mazungumzo ya ufukweni hayakufai kitu, kwa sababu hakuna mtalii anayesema "No sooner had we reached Gede than it began to rain". Mtahini yeye anaipenda. Kumbuka "no sooner" huenda na "than", "hardly" huenda na "when", na kitenzi kisaidizi hutangulia mtenda. Andika sentensi kumi za namna hiyo kuhusu mambo yako mwenyewe, mashua, mvua, polisi wa trafiki, si za kunakili kitabuni. Na ukiambiwa usibadilishe maana, usibadilishe. Hata kituo au herufi kubwa iliyosahaulika yaweza kukupokonya alama yenyewe, maana mara nyingi ni alama moja kwa sentensi.

Nimefanya karatasi za miaka mingi lakini alama hazipandi. Nimekosea wapi?

Pengine unafanya karatasi, unaangalia majibu, unasema "aah, kumbe!", unafungua nyingine. Hiyo "kumbe" haikai kichwani hata wiki.

Weka daftari la makosa. Kila ulipokosa, nakili swali, jibu lako, jibu sahihi, na mstari mmoja wa sababu kwa maneno yako, hata kwa Kigiriama. Baada ya wiki funika majibu, yafanye upya. Ukipata, piga mstari. Ukikosa, lirudie wiki inayofuata. Na ukiweza kupata ripoti za mitihani zinazotolewa na Baraza la Mitihani (KNEC), zisome kabla ya karatasi zenyewe. Mle wanaeleza swali kwa swali watahiniwa wa mwaka huo walikosea nini, na wengi hawazisomi.

Hesabu za biashara darasani nazipata. Kwenye mtihani zinanipotea. (Kidato cha tatu, Mijomboni)

Hili ndilo swali ninalolipenda. Nimesahihisha madaftari ya kutosha kuamini kwamba mwanafunzi wa aina yako hashindwi na kuzidisha wala kugawanya. Anashindwa na maneno madogo ya Kiingereza, yaleyale aliyoyapuuza kwenye sarufi.

Chukua hii: bei ya gunia ilikuwa shilingi 1,000. Swali likisema "reduced by 200", bei mpya ni 800. Likisema "reduced to 200", bei mpya ni 200 na punguzo ni 800. Herufi mbili tu, na hesabu yote iliyobaki inafuata njia nyingine. Aliyejaza mapengo ya vihusishi kwa kubahatisha atabahatisha hapa pia.

Sasa tazama hii, ambayo huangusha darasa zima: "A trader sold a bag of coconuts for Sh. 1,380, making a profit of 15%. Find the cost price." Wengi huchukua asilimia 15 ya 1,380, ambayo ni 207, wanaitoa, wanaandika 1,173. Hesabu ya kutoa ni safi, jibu ni kosa. Hawakujiuliza: asilimia 15 ya nini? Faida hupimwa kwa bei ya kununulia, isipokuwa swali liseme vingine. Kwa hiyo 1,380 ni asilimia 115 ya bei ya kununulia. Gawanya kwa 115, zidisha kwa 100, unapata 1,200. Hakiki: asilimia 15 ya 1,200 ni 180, na 1,200 ukijumlisha 180 ni 1,380.

Zoezi langu ni hili. Kabla ya kugusa kikokotoo, piga mstari chini ya kila "by", "to", "of", "on", "per" na "at the end of". Kisha andika sentensi moja ya Kiswahili inayosema swali linataka nini. Ikikushinda kuandika sentensi hiyo, usianze kuhesabu. Ndiyo maana nasema daftari liwe moja: upande wa kushoto kihusishi, upande wa kulia hesabu ambayo kilikupotezea alama.

Nauza vinyago. Swali la fedha za kigeni huwa nachanganya bei ya kununua na ya kuuza.

Simama mahali pa benki, si pa mgeni. Benki ndiyo inayonunua na kuuza fedha za kigeni. Mgeni akileta yuro, benki inanunua, kwa bei ya chini. Akitaka yuro arudi nazo, benki inauza, kwa bei ya juu. Tuseme benki inanunua yuro kwa shilingi 140 na kuiuza kwa 145 (bei za mfano tu, usizipeleke benki). Mtaliano anafika na yuro 600, anapewa shilingi 84,000. Anatumia 55,000 Watamu, zinabaki 29,000. Akiondoka, gawanya kwa 145: yuro 200. Ukiona jibu lako linamfanya mgeni apate faida kwa kubadilisha pesa tu, umegeuza bei.

Nataka kuelewa mkopo wa kulipa kwa awamu. Nina pikipiki ya namna hiyo na pia nafanya mtihani. (Mwendeshaji bodaboda, njia panda ya Watamu)

Basi tufanye ya mtihani kwanza, kisha yako.

Pikipiki kwa pesa taslimu ni 150,000. Kwa awamu, unatanguliza 30,000 na kulipa 12,000 kwa mwezi, miezi 15. Jumla ya awamu ni 180,000, ongeza 30,000, umelipa 210,000. Umezidisha 60,000 juu ya bei ya taslimu.

Mtihani ukitaka kiwango cha riba kwa mwezi, watahiniwa huanguka hatua ya kwanza: wanachukua 150,000 kuwa mtaji wa mkopo. Hapana. Ile 30,000 uliitoa siku ya kwanza, hukuikopa. Mkopo ni 120,000, nao umegeuka 180,000 katika miezi 15. Ukitumia kanuni ya riba juu ya riba, 120,000 mara (1 + r/100) kwa kipeo cha 15 ni 180,000. Gawanya, unapata 1.5, tafuta kipeuo cha 15 cha 1.5, ni takriban 1.0274. Jibu: asilimia 2.74 kwa mwezi. Onyesha hatua zote, kwa sababu hata ukikosea mwisho, alama za njia zinabaki.

Sasa yako. Kanuni hiyo ya shuleni inachukulia kana kwamba hukulipa chochote mpaka mwezi wa 15, kisha ukatoa 180,000 kwa mkupuo. Lakini wewe unalipa kila mwezi, deni linapungua kila mwezi, na bado awamu ni ileile. Ukikokotoa kwa deni linalopungua, riba inakaribia asilimia 5.6 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya ile ya mtihani. Ndani ya chumba cha mtihani andika 2.74. Ukiwa dukani unapatana, chukulia 5.6.

Nitumie kikokotoo mazoezini?

Ndiyo, kwa sababu kinaruhusiwa kwenye mtihani. Ila swali likisema usitumie kikokotoo wala majedwali ya hisabati, onyesha kazi kwa mkono, maana hapo jibu peke yake halikupi alama zote. Na usiazime cha mwenzako asubuhi ya mtihani, vibonye havifanani.

Mimi nafuga vipepeo, Kiingereza sikijui na hesabu niliishia darasa la tano. Mwanangu nitamsaidiaje?

Mama, wewe una zana ambazo mimi sina. Familia zinazouzia mradi wa Kipepeo, pale kwenye magofu ya Gede, zimekuwa zikihesabu pupa tangu 1993: waliopelekwa, waliokataliwa, bei ya kila aina. Mwachie mwanao daftari la hesabu hizo. Ukipeleka pupa 80 na 12 wakarudishwa, akuambie ni asilimia ngapi. Akisema 15, mwulize amepataje. Wewe si lazima ujue kanuni; msikilize tu kama maelezo yanaeleweka kwa Kigiriama. Akibabaika, hajaelewa, hata kama jibu ni sahihi.

Kisha mwambie ageuze mauzo ya juma hilo kuwa swali la mtihani, kwa Kiingereza, aliandike mwenyewe. Hapo sarufi na hesabu anazifanya kwa kalamu moja. Atakayeweza kutunga swali lisilo na utata haogopi kulijibu la mwingine. Alilete kwangu, nitalisahihisha pande zote mbili.

Nimepata karatasi za zamani za kodi ya mapato, zimeandikwa paundi za Kenya. Nizitupe?

Usizitupe. Paundi moja ya Kenya ni shilingi 20, na majedwali mengi ya zamani ni ya mwaka mzima. Mshahara wa 40,000 kwa mwezi unaugeuza hivi: mara 12 ni 480,000, gawanya kwa 20, ni paundi 24,000 kwa mwaka. Ukishazoea kugeuza hivyo, jedwali la shilingi kwa mwezi litakuwa jepesi.

Kwa viwango vinavyotumika nchini, mapato ya 40,000 yanayotozwa kodi hukatwa hivi kwa mwezi: 24,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 2,400, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25 ni 2,083.25, zinabaki 7,667, kwa asilimia 30 ni 2,300.10. Jumla 6,783.35. Sasa ondoa nafuu ya kibinafsi ya 2,400, unabaki na 4,383.35. Nafuu hutolewa kwenye kodi, haitolewi kwenye mshahara, na hapo ndipo wengi hupotea. Kosa la pili ni kusahau marupurupu ya nyumba: swali likiyataja, yajumlishe kwenye mapato kabla ya kugusa jedwali, isipokuwa limesema hayatozwi kodi. La tatu ni kuchanganya nafuu ya mwezi na jedwali la mwaka.

Swali la kodi likitokea, mara nyingi liko Sehemu ya Pili ya karatasi ya hisabati, ambako unachagua matano kati ya manane, kila moja alama 10. Lisome mpaka mwisho kabla ya kulichagua, kwa sababu kipengele cha mwisho mara nyingine hugeuka: unapewa kodi, unatakiwa utafute mshahara. Hiyo ifanyie mazoezi peke yake, ukianzia 4,383.35 na kurudi nyuma mpaka uipate 40,000.