Kuuza Turbo Iliyokwisha Tumika

Jua, ewe ndugu msomaji, kwamba turbo ni chombo kiendeshwacho na moshi utokao katika injini. Moshi huzungusha gurudumu la mapanga, nalo, kwa mhimili mmoja, huzungusha la pili lisukumalo hewa nyingi ndani ya injini. Ndipo gari za mbio, mfano wa Subaru Impreza WRX, zikapata nguvu zake. Mhimili huo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa mafuta. Mafuta yakikatika au yakichafuka, beringi huliwa.

Basi aibu ya chombo hiki hufichika: ganda husafishwa likang'aa, na ndani kumeharibika. Muuzaji na aushike mhimili, auvute na kuusukuma. Ukienda mbele na nyuma kwa kuhisika, umechakaa. Atazame kama mapanga yana pengo au yamekwaruza ganda, na kama ganda la upande wa moshi lina ufa. Kisha amweleze mnunuzi aliyoyaona.

Husema baadhi ya wauzaji: “Nimekuuzia kama ilivyo.” Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kauli hiyo haimtoi katika dhima ya aibu ya chombo kama hiki. Mnunuzi akiigundua aibu iliyokuwako kabla ya kukabidhiwa, ana haki ya kuirudisha na kupewa fedha zake, ila asikawie. Lakini akiambiwa aibu kisha akaridhika, hana la kudai. Basi itaje aibu, upunguze bei, upokee fedha zako kwa halali.